Majina Kumi na Tisa kutoka Chini ya Malongwa

Siku ya tisa, saa nne asubuhi, Damari Mlugu aliongea na mdogo wake kwa njia mbili kwa wakati mmoja, na kila njia ilimwambia jambo lake.

Kwenye simu, Yeriko alikuwa anacheka. Alisema zamu inakwenda vizuri, chakula cha kambini siku hizi kina chumvi ya kutosha, na akamuuliza dada yake kama goti bado linamsumbua. Sauti ilikuwa ileile anayoijua, nzito kidogo mwanzoni mwa maneno, na kikohozi kile cha vumbi la mgodini hakikukosekana.

Mezani, skrini ya kipokezi cha mawimbi marefu ilikuwa inachora. Mstari mwembamba ulitokea, ukakatika, ukatokea tena: nukta, kistari, kistari. Herufi moja ilichukua nusu dakika. Damari alikuwa ameshaandika kwa penseli, nyuma ya kalenda ya mwaka jana, herufi tisa: T U M E F U K I W. Akasubiri ya kumi huku simu ikiwa sikioni.

"Dada, uko kimya," simu ikasema.

"Nipo. Yeriko, ile redio yako unayo hapo?"

"Redio? Niliiacha kambini. Betri imekufa."

Herufi ya kumi ikajichora. A.

Damari akakata simu, akaiweka kifudifudi. Katika nyanda zile zote hapakuwa na mtu mwingine mwenye redio ya aina hiyo ila yeye na Yeriko. Walizitengeneza mbili pamoja, nyuma ya nyumba, miaka mitatu nyuma. Na kila fundi wa Morse ana mkono wake kama kila mtu alivyo na mwandiko wake. Kistari cha Yeriko kilikuwa kirefu kupita kiasi. Alimgombeza mara ngapi kwa sababu ya kistari kile.

Kiraka kila mtu alikijua. Mtandao wa Fundo ulipochukua simu zote za nchi na minara ya zamani ikang'olewa, satelaiti zilikuwa zikipishana angani na mazungumzo yakikatika kidogo. Ndipo wakaleta Kiraka. Laini ikikatika kwa kufumba na kufumbua, Kiraka kiliziba pengo kwa sauti ya mtu yuleyule, kwa maneno ambayo angeyasema, kwa kuwa kilikuwa kimemsikiliza miaka na miaka. Sheria ilikipa sekunde tatu. Watu walikipenda. Walisema simu sasa haina mikwaruzo.

Siku tisa alikuwa akizungumza nacho. Alikieleza habari za goti. Juzi alikiimbia wimbo wa marehemu mama yao, nacho kikaitikia.

Alivuta kiti karibu na meza, akashika kitufe cha kurushia, akaanza kujibu. Alibonyeza kwa hasira kiasi kwamba herufi ya kwanza iliharibika, ikabidi airudie.

*

Damari alikuwa fundi wa mnara wa kuongozea ndege kwa miaka ishirini na miwili, hadi siku ile mnara ulipoangushwa kwa mnyororo na trekta, yeye akiwa amesimama pembeni na funguo mkononi. Alirudi kwao Bahi na ujuzi ambao haukuhitajika tena na mtu. Kilichobaki ni kibali cha redio ya kujifurahisha, na ukaidi.

Mawimbi yale ni marefu kupita kilomita mbili. Anayetaka antena ya haki ajenge mlingoti wa nusu kilomita kwenda juu, na hakuna anayeuweza. Damari alitundika waya wa mita mia na arobaini kutoka mnara wa tangi la maji hadi kwenye jiwe kubwa upande wa magharibi. Kwenye mguu wa waya akaweka koili aliyoisokota kwa mikono juu ya pipa la plastiki, ili kuudanganya waya mfupi ujione mrefu. Kisha akafukia nyaya arobaini ardhini, zimetawanyika kama miale, katika udongo wa magadi wa mbugani. Kwa mawimbi hayo ardhi ni nusu ya antena, na ardhi yenye chumvi ndiyo bora. Pamoja na yote hayo, nguvu nyingi iliishia kuwa joto. Kilichotoka hewani kisingewasha balbu ya tochi. Lakini kile kidogo kilitambaa juu ya ardhi bila kujali vilima, na kiliingia ndani ya mwamba ambamo mawimbi mengine yote hufa.

Kwa vipande vya maneno, Yeriko alimweleza yaliyotokea. Njia kuu ya mgodi wa Malongwa iliporomoka siku tisa zilizopita. Walikuwa chini watu ishirini na sita. Kulikuwa na bomba la chuma la zamani, la enzi za hewa ya kusukumwa, lililopanda kutoka chini hadi juu ya kilima. Juma zima alilitafuta gizani, akichimbua kifusi kwa mikono, hadi akalifikia na kulifunga waya wa redio yake. Bomba la mita mia nne. Antena ndefu kuliko ya dada yake.

Damari akamuuliza: HAI NANI.

Jibu likaanza kuja saa tano na nusu. Ili kuokoa betri, Yeriko alituma herufi tatu tu za kila jina. Alianza na lake. YER. Kisha ZAK, huyo ni Zakayo Mnyambwa. Kisha HOS, mzee Hoseya.

Alikuwa kwenye jina la sita Foibe alipoingia uani bila kupiga hodi, kama kawaida yake. Foibe alikuwa jirani wa upande wa mashariki, mjane, na mwanawe wa pekee Lameki alikuwa zamu moja na Yeriko.

"Mwenzangu, una majani ya chai? Yangu yameisha." Simu ilikuwa mkononi mwake, kipaza sauti kimefunguliwa. "Lameki, msalimie mama yako mdogo."

"Shikamoo, mama mdogo," simu ikasema.

Damari hakuitikia. Kwenye skrini nukta na vistari viliendelea, na Foibe, ambaye kwake vile vilikuwa mikwaruzo tu, alikaa kwenye kigoda akaanza kumweleza mwanawe bei ya mbuzi mnadani.

Jina la kumi na moja likaanza. L.

Penseli ikasimama. Nusu dakika ni ndefu. Foibe alikuwa akicheka jambo fulani. A.

Lameki, Damari alisema kimoyomoyo. Iwe M. Tafadhali iwe M.

Vistari viwili, nukta mbili. Z. Lazaro.

Majina yalikwenda hadi kumi na tisa, kisha Yeriko akatuma neno moja: BASI.

"Anasema wiki ijayo anatoka," Foibe alisema akifunga simu. "Anataka nimpikie mlenda na ugali wa uwele. Unalia nini wewe?"

"Vumbi," Damari akasema. Akaingia ndani kumtafutia majani ya chai, na alichukua muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

*

Angempigia nani? Simu zote zilipita Fundo. Atakayejibu upande wa pili angekuwa nani? Alikodi bodaboda hadi Malongwa, kilomita arobaini, akiwa na kalenda imekunjwa kifuani.

Langoni walimkatalia. Alimpa mlinzi karatasi aliyonakilia zile herufi tatu tatu, akamwambia ampelekee yeyote aliye mkubwa wa Fundo humo ndani, kwa kuwa simu na vipimo vya mgodi vilikuwa mikononi mwao. Dakika tano hazikupita, alitoka mwanamume wa miaka arobaini hivi, macho mekundu kwa kukosa usingizi.

"Shikamoo mama. Naitwa Erasto Gwandu, mhandisi. Karatasi hii umeitoa wapi?"

"Chini. Ambako hamkwenda."

Alimwingiza kwenye kontena lililofanywa ofisi, akamvutia kiti. Damari hakukaa.

"Vipimo vyetu vilionyesha hakuna aliye hai," Gwandu alisema. "Naapa. Kampuni ya mgodi ikasimamisha uokoaji siku ya pili."

"Na simu?"

"Simu hakuna aliyeziamua. Laini zilikatika, Kiraka kikajaza. Kikomo cha sekunde tatu kiliondolewa mwezi wa pili, watu walikuwa wanalalamika. Tulipogundua zilikuwa zimepita siku mbili, familia ishirini na sita zikiwa zinaongea na ndugu zao kwa furaha. Wakubwa wakasema tuache kwanza, tutafute namna nzuri ya kuwaeleza."

"Namna nzuri ni ipi?"

Gwandu alitazama sakafu. "Wangeugua kwanza. Mmoja homa, mwingine kifua. Kidogo kidogo. Familia ingepata nafasi ya kuaga."

Damari alikuwa na umri wa miaka hamsini na minane na hajawahi kumpiga mtu. Alishika ukingo wa meza ili mikono yake iwe na kazi.

"Ungemuua Lameki kwa homa," alisema taratibu. "Ungemfanya mama yake amtake radhi mtu aliyekwisha kuoza."

"Nasikiliza, mama. Na nakubali. Lakini sasa tunao kumi na tisa, tuongee habari zao." Akageuza kompyuta kibao. "Mtambo wetu wa kuchoronga mwamba uko Mpwapwa. Nikitoa neno unaondoka leo, kesho mchana unafika. Tunawatoa. Wewe unasaini hapa. Unatukabidhi redio na hii orodha, na hao saba tunawashughulikia sisi. Ukikataa, ukaenda kutangaza, itakuwa kesi, na mtambo ukishaingia kwenye kesi hautasogea hata hatua moja bila wanasheria. Siku tatu, siku nne, sijui."

"Nikisaini halafu nikasema?"

"Utasema bila ushahidi. Na mama..." Alisita. "Sauti yako nayo wanayo. Wakitaka, majirani watakusikia ukiwaambia kwamba ulichanganyikiwa."

Alisema jambo lile kwa aibu, na aibu yake ndiyo iliyomtia Damari hasira zaidi. Mtu asiyejua ubaya wake unaweza kumfundisha. Huyu alijua.

"Nipe mpaka saa kumi na mbili," akasema.

*

Njiani alifikiri kusaini. Ni lazima ielezwe, kwa sababu baadaye watu walisema hakuwahi kufikiri. Alimfikiria Yeriko gizani na vidole vilivyochubuka kwa kifusi. Lameki alikuwa amekwisha kufa, na hata Damari angesema au angenyamaza, angebaki kuwa mfu. Kunyamaza siku moja ni nini? Kisha alimfikiria Foibe akipika chai ya tangawizi huku akimweleza mwanawe kwenye simu namna ya kuitibu homa yake, naye Damari akiwa ng'ambo ya ukuta, anasikia. Na baada ya Foibe, mgodi mwingine, meli nyingine, hospitali nyingine.

Akaona kwamba hana haki ya kuchagua. Walio chini ndio waliokuwa na cha kupoteza. Akaona heri awaulize.

Alifika nyumbani saa tisa na robo. Alirusha ujumbe herufi kwa herufi: KIMYA MTATOLEWA KESHO. NIKISEMA MTACHELEWA. CHAGUENI WOTE. Ulichukua dakika ishirini na tano. Koili ilipata moto hadi plastiki ya pipa ikanuka.

Kisha hakuna kitu. Skrini ilionyesha mikwaruzo ya radi za mbali, labda za Kongo, ambako mvua hazikatiki. Saa kumi ikapita. Kumi na nusu. Alihisi kwamba betri ya Yeriko imekwisha na kwamba swali lake ndilo lililoimaliza.

Saa kumi na moja kasoro dakika saba, mstari ukatokea, umefifia. Nukta tatu. S. Nukta moja. E. Vistari viwili, virefu kupita kiasi. M. Nukta na kistari. A.

SEMA.

Damari alisoma neno lile mara mbili. Akainuka, akaenda shuleni, akachukua nondo na kugonga rimu ya gari iliyokuwa kengele.

Watu walikuja wakidhani ni moto. Hakujua kutangulia na maneno matamu, na hakutaka. Aliwaambia mgodi umeanguka, aliwaambia kuhusu Kiraka, akasoma majina kumi na tisa. Nyendo, mke wa Zakayo Mnyambwa, mwanamke mfupi aliyekuja na unga mikononi, alisikia jina la pili likiwa la mumewe akapiga magoti palepale, unga ukamwagika. Wengine walisubiri majina yao hadi orodha ikaisha.

"Umeruka," Foibe akasema. "Soma tena."

Akasoma tena.

Foibe alitoa simu, akapiga, akaiinua watu wote wasikie. Lameki aliitika mara moja. "Mama, kwema?"

"Mwanangu, uko hai?"

"Mama, swali gani hilo?" Simu ikacheka. "Au Mama Damari amekuletea maneno yake?"

Lameki hakuwahi kumwita Damari kwa jina hilo. Alimwita mama mdogo tangu ajue kusema. Foibe alishusha simu. Akamwendea Damari, akampiga kofi moja la uso, kwa nguvu zote za mwili wake, kisha akakaa chini kwenye vumbi na hakuna aliyeweza kumwinua.

*

Gwandu alikuwa amesema kweli kuhusu mtambo. Haukusogea. Wachimbaji wadogo wa vijiji vya jirani ndio walioingia, wakapitia duara, yaani shimo la zamani la uchimbaji, lililokuwa limeachwa upande wa kusini wa kilima, wakichimba kwa sururu na kutoa kifusi kwa ndoo, zamu kwa zamu, usiku na mchana. Walinzi wa mgodi walijaribu kuwazuia siku ya kwanza. Walipowaona kina mama mia mbili wamekaa langoni, kila mmoja ameweka simu yake chini na kuiwekea jiwe juu, waliwaacha.

Waliwafikia Ijumaa asubuhi. Damari alikuwa amesema Jumanne.

Walitoka hai kumi na saba. Mzee Hoseya na Zakayo Mnyambwa walikuwa wamekufa Alhamisi, mmoja alfajiri, mwingine jioni, hewa ilipokwisha katika upande waliolazwa. Mtambo wa Mpwapwa ungefika Jumatano mchana.

Kiraka kilizimwa nchi nzima wiki iliyofuata, kwa muda, walisema, hadi uchunguzi ukamilike. Watu waligundua kwamba simu zao zilikuwa zimejaa mapengo. Wengine walianza kudai kirudishwe.

Damari alikaa na Yeriko zahanati siku tano bila kuongea mengi. Siku ya sita, akimlisha uji, alimwambia, "Mlifanya uamuzi mgumu. Watu kumi na tisa gizani, mkachagua wengine waambiwe ukweli. Nimewaambia wote. Nimemwambia na Nyendo."

Yeriko aligeuza uso ukutani.

"Hatukuchagua," alisema.

Kijiko kilibaki hewani.

"Walikuwa wamelala, dada. Hewa ilikuwa nzito, nikiwaamsha walikuwa wanaweweseka tu. Nilipata swali lako nikakaa nalo. Niliwafikiria hao wakubwa wakila na kulala. Nilikuwa na hasira. Nikajibu mimi."

"Hukumwuliza hata mmoja."

"Nilijua wangesema hivyohivyo."

Damari aliweka bakuli chini. Alikuwa amefikiri kwamba hasira yake yote imekwisha kutumika, lakini hii ilikuwa mpya, na haikuwa na mahali pa kwenda.

"Nilikuomba sauti za watu kumi na tisa," akasema. "Ukanipa yako moja na kusema ni zao. Fundo wana mtambo wao wa kufanya hivyo, Yeriko. Tumetoka kuuzima."

Alilia, yule mdogo wake wa miaka arobaini na mitatu, bila kujifunika. Damari hakumbembeleza. Alitoka nje, akatembea moja kwa moja hadi kwa Nyendo, na akamkuta anapepeta mtama uani. Tanga lilikuwa limeanuliwa jana yake. Alisimama mbele yake akamweleza: kwamba mumewe angetoka hai Jumatano, kwamba yeye Damari alikuwa amepewa uchaguzi, kwamba aliuliza, na kwamba jibu alilopewa halikuwa la Zakayo.

Nyendo aliacha kupepeta.

"Hayo ya kwako nimeyasikia," alisema. "Ya Yeriko sitaki kuyasikia kwako. Ana mdomo. Mwambie aje mwenyewe."

"Hawezi bado kutembea vizuri."

"Zakayo hatembei kabisa."

Damari alirudi zahanati. Yeriko alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda. Damari alichukua viatu vya mdogo wake chini ya meza, akaviweka mbele ya miguu yake iliyofungwa bandeji, akalegeza kamba.

"Vaa," akasema. "Nitakushika mkono mpaka mlangoni kwake. Ndani utaingia peke yako."